Vila Karibi: Jamaika, Barbados au St. Lucia? Uliza kwanza nani atapika na nani ataendesha

Kila Januari, theluji ya Toronto ikishafika magotini, group letu la familia linaanza na swali lile lile, mwaka huu twende kisiwa gani? Kwamba tunaenda kisiwani na tunakaa vila hilo halina ubishi tena, ubishi uko kwenye jina la kisiwa na unaweza kwenda siku tatu nzima, voisi noti juu ya voisi noti. Tuko watu tisa, mimi na mume wangu na watoto wetu wawili, dada yangu na mumewe na wanawe wawili, na bimkubwa wetu ambaye ni mtu wa Wete, Pemba, ana miaka 71 na goti la kulia linamsumbua. Tumeshakaa vila Jamaika mara mbili, Barbados mara moja na St. Lucia mara moja, wiki nzima kila safari, na kwa vile watu wananiuliza sana inboksi nimeona niviweke vyote hapa pamoja ili mwenye kutafuta aamue.

Nianze na kitu ambacho kingenisaidia sana kama ningeambiwa mapema. Watu wanachagua kisiwa kwa picha za bahari, na bahari ya visiwa vyote vitatu ni nzuri, ukifungua picha hutaona tofauti. Likizo ya vila inapona au inaharibika kwa maswali mawili, nani atapika na nani ataendesha gari. Hotelini haya maswali hayapo, chakula kipo mezani na gari liko getini. Vila ni nyumba, mko wenyewe, na mama wa watoto akitoka Toronto kwenda kupikia watu tisa kwenye jiko la watu siku saba mfululizo, huyo hajaenda likizo, amehamishiwa jiko. Na mume akishinda ameshika usukani kwenye kona za milimani, jioni anarudi amechoka na hasira, bahari yenyewe kaiona kwa dirishani. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Nani atapika

Hapa Jamaika inawaacha wenzake mbali. Wana desturi ya zamani kwamba vila inakuja na watu wake, mpishi, mtu wa usafi, mtunza bustani, na zile kubwa zina mpaka mhudumu wa mezani na mtu wa kufua. Mishahara yao iko ndani ya kodi ya vila. Wewe unalipia vyakula kwa bei ya dukani, unaweza kumtumia mpishi orodha kabla hamjafika mkakuta friji imejaa, au mkaenda naye sokoni, na siku ya kuondoka mnaacha bakshishi, kawaida asilimia 10 mpaka 15 ya kodi ya vila, wanagawana wote. Hiyo bakshishi iwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza kwa sababu vila ya watu tisa kwa wiki si hela ndogo, na hawa watu wanaitegemea na wameifanyia kazi kweli kweli.

Vila yetu ilikuwa Discovery Bay, pwani ya kaskazini, kama saa moja kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Montego Bay. Mpishi alikuwa mama wa makamo, tulimwita Miss kama wanavyoitana wenyewe. Asubuhi ya pili bimkubwa kaamka alfajiri kama kawaida yake, kasali, afu akasikia harufu ya moshi nyuma ya jiko akatoka kuangalia. Akamkuta Miss ameweka shelisheli zima juu ya makaa, analigeuza taratibu kwa koleo, ganda limeshakuwa jeusi tii na mvuke unatokea kwenye kikonyo. Aliita nyumba nzima, "Njooni muone, shelisheli!" Likaiva likamenywa, ndani limetoka na unjano kidogo, likakatwa vipande likapakwa siagi. Bimkubwa akasema kwetu hili tunalipika kwa nazi. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini alionyesha nazi, akaonyesha shelisheli, akafanya mkono wa kukamua, na Miss akaelewa hapo hapo kwa sababu na wao wana chakula chao kinaitwa rundown, samaki wa chumvi anapikwa kwenye tui mpaka tui linakauka linatoa mafuta. Tatizo likawa mbuzi. Nyumba nzima hamna mbuzi ya nazi, Miss yeye anakata nazi vipande anasaga kwenye blenda afu anachuja, na bimkubwa hakuridhika kabisa, akasema tui la blenda linakuwa jepesi. Lakini walipika, mmoja anakoroga mwingine anaonja, na mchana ule tulikula shelisheli la nazi barazani huku bahari iko pale chini. Miss ndo aliyetuambia kwamba shelisheli si mti wa asili yao, uliletwa na meli ya Kapteni Bligh, Mwingereza, mwaka 1793 kutoka Tahiti ili watumwa wa mashamba ya miwa wapate chakula cha bei rahisi. Bimkubwa alinyamaza muda aliposikia hivo, afu akamwongezea Miss kipande kwenye sahani.

Kitu kingine cha kula Jamaika ni ackee na samaki wa chumvi, ndo chakula chao cha taifa, kinaliwa asubuhi. Ackee ni tunda lililotoka Afrika Magharibi, likiiva linafunguka lenyewe mtini na ndani kuna nyama ya njano yenye mbegu nyeusi, likipikwa ukiliangalia haraka utadhani mayai ya kuvuruga. Ila msilichume wenyewe kwenye bustani ya vila, likiwa bado halijafunguka lina sumu, muachieni mpishi. Samaki wake ni kod wa chumvi anayelowekwa usiku kucha, kwa mtu aliyezoea ng'onda haitakuwa mgeni hiyo ladha. Na jerk lazima, nyama inachomwa juu ya magogo ya mti wa pimento ndo maana harufu yake haifanani na kitu kingine, kitovu chake ni Boston Bay kule Portland upande wa mashariki, lakini kila mji utapata.

Kwa sisi tusiokula nguruwe, mwambie mpishi siku ya kwanza na umwambie wazi, maana kwenye visiwa hivi kipande cha nguruwe wa chumvi kinaweza kuingia kwenye sufuria ya maharage bila mtu kuona ni jambo. Uliza na keki, ile keki yao nyeusi ya Krismasi matunda yake yanalowekwa kwenye ramu. Ukishasema wanaheshimu, Miss alitenga sufuria zake mpaka siku ya mwisho.

Barbados jambo ni tofauti. Vila kubwa za pwani ya magharibi zina wapishi, lakini zile za watu wa kawaida kama sisi, za vyumba vinne hivi, mara nyingi zina mtu wa usafi anayekuja asubuhi na kuondoka, jiko ni lenu. Na kisiwa ni ghali, vitu vingi sana vinatoka nje kwa meli, siku ya kwanza supamaketi dada yangu alishika pakti ya zabibu akairudisha. Hesabu ni rahisi angalau, dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, imefungwa hapo miaka yote. Sasa dawa ya Barbados ni kula nje. Ijumaa usiku kila mtu anaenda Oistins, soko la samaki pwani ya kusini, vibanda vimepangana, samaki anachomwa mbele yako, unapewa na pai ya makaroni, watu wazima wanagonga domino meza za pembeni na kwenye kijukwaa wazee wanacheza miziki ya zamani wameshikana viuno kwa adabu. Bimkubwa alikaa kwenye benchi mpaka saa nne usiku hataki kuondoka.

Afu kuna chakula chao cha taifa, cou-cou na samaki arukaye. Wanatamka "kuku", kwa hiyo watoto walikuwa wanasubiri kuku, kikaja kitu cha njano kimefinyangwa kama bakuli lililopinduliwa, kumbe ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia. Yani ugali laini wenye mlenda ndani yake, unasongwa na mwiko wa mti wenye umbo la kasia dogo, na wana mwiko maalumu kwa kazi hiyo tu. Mume wangu ni Mnyamwezi, alikula sahani mbili. Kwa wasiokula nguruwe mjue Jumamosi mitaani kuna kitu kinaitwa pudding and souse, hicho ni nguruwe mwanzo mwisho, kipiteni.

St. Lucia iko katikati. Vila nyingi zina mtu wa usafi, na mpishi anakuja kwa mpango mkiomba na kulipia mbali, tulimchukua siku tatu. Chakula cha taifa kwao ni ndizi mbichi na samaki wa chumvi, wanaziita green fig, nilipika na mtori wangu pale kwa ndizi zile zile na ulitoka kama wa Moshi. Asubuhi wanakunywa chai ya kakao, kakao ya kisiwani inasagwa inafinyangwa vijiti, unakwangua kwenye maziwa ya moto na mdalasini na kungumanga. Hiyo nilibeba vijiti vinane kurudi navyo.

Nani ataendesha

Visiwa vyote vitatu wanaendesha kushoto, kwa aliyejifunzia gari Dar au Mombasa mwili unakumbuka wenyewe, kwa watoto wa Kanada ndo kazi. Barbados na St. Lucia unahitaji kibali cha muda cha udereva cha wageni, anayekukodisha gari ndo anakupatia.

Barbados ndo rahisi kuliko zote na hapa ndipo inaposhinda. Kisiwa kizima ni kama kilomita 34 kwa 23, ukipotea utatokea baharini tu na utaulizia. Barabara ni nyembamba na miwa iko pande zote, lakini hakuna sehemu mtakuwa mbali na nyumbani zaidi ya saa moja. Na hata bila gari mnaweza kuishi, basi ni dola tatu na nusu za kwao popote unapoenda, na kuna zile van nyeupe zinaitwa ZR, ndo matatu zao, muziki juu, kondakta anaita abiria, watu wanabanana wanasogea bila kununa. Mwanangu wa miaka 13 alipanda na binamu zake wakiwa na mjomba wao kutoka Speightstown mpaka Bridgetown na hiyo ndo safari anayoisimulia mpaka leo kuliko hata kasa.

Jamaika msijidanganye, ni kisiwa kikubwa, kutoka mwisho mpaka mwisho ni zaidi ya kilomita 230, na madereva wanaovateki kwenye kona. Sisi tulikodi dereva mwenye kibasi kidogo kwa siku tunazotoka na siku nyingine tunakaa vila, na nashauri kila familia ifanye hivo. Angalia namba za gari, gari lenye leseni ya kubeba abiria lina namba nyekundu. Usiku msipange safari ndefu.

St. Lucia ni milima. Ndege kubwa zinatua Hewanorra, huko Vieux Fort kusini, na kama vila yenu iko Rodney Bay kaskazini basi ni saa moja na nusu ya kona baada ya kona, mtoto wa dada alitapika mara mbili. Ukichukua vila upande wa Soufrière, kusini magharibi, safari ya kutoka uwanjani inakuwa fupi lakini baada ya hapo kila mkitoka ni kupanda na kushuka. Watu wengi pale Soufrière wanatumia boti za teksi kwenda fukwe za jirani, na kiukweli ni bora zaidi, dakika kumi uko kwenye maji badala ya nusu saa kwenye kona.

Bahari yenyewe

Kuogelea na watoto wadogo au mtu mzima asiyejiamini, Barbados magharibi, hapo sina la kuongeza. Pwani ile ya St. James, kuanzia Paynes Bay mpaka Holetown na kuendelea, imegeukia Karibi na si Atlantiki, maji yanatulia kama kwenye karai, mchanga hauna mawe na kina kinaongezeka polepole. Bimkubwa hakuwa ameingia baharini tangu ujana wake, pale aliingia na dera lake mpaka kifuani, amenishika mkono, akawa anacheka peke yake. Kasa wapo, unatoka na boti asubuhi unavaa miwani unawaona wanapita chini yako bila haraka, na Carlisle Bay kule Bridgetown kuna meli sita zilizozama kwenye maji mafupi kiasi kwamba mwenye snokeli tu, ule mrija wa kupumulia majini, anaziona, samaki wamezifanya nyumba. Na fukwe zote za Barbados ni za umma, hata mbele ya hoteli ya mabilionea unapita na taulo lako.

Pwani ya mashariki ya Barbados ni kitu kingine, Bathsheba mawimbi ya Atlantiki yanakuja yamesimama, wanaojua kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao wanatoka dunia nzima kuja pale. Kuogelea hapana, mkondo una nguvu, lakini kuna vidimbwi kati ya mawe, maji yakipwa mnakaa humo mpaka shingoni wimbi likija linawapitia juu kidogo. Nendeni hata nusu siku.

Halafu kitu kimoja cha usalama ambacho watu hawasemi. Kwenye fukwe hizi kuna mti unaitwa manchineel, una tunda dogo la kijani kama epo, tunda lina sumu na utomvu wake unababua ngozi, hata kusimama chini yake mvua ikinyesha ni hatari. Barbados mingi wameiwekea alama ya rangi nyekundu kwenye shina. Watoto waonyesheni siku ya kwanza kabla hawajashika kitu.

Jamaika swali la ufukwe liulizwe kabla ya kulipa, maana kule sheria ya fukwe ni ile ya mwaka 1956 na haimpi mtu haki ya jumla ya kuingia ufukwe wowote, fukwe nyingi zina geti na kiingilio, na hata Wajamaika wenyewe wanalalamikia hilo kwa uchungu. Vila ikiwa na ufukwe wake au ina haki ya kutumia wa jirani, mmepona. Ikiwa iko mlimani ina bwawa tu, jueni kila mkitaka bahari kuna hela na kuna gari. Sisi mara ya kwanza tulikuwa hivo, mara ya pili tukajifunza. Lakini maji ya Jamaika yana utajiri ambao wenzake hawana, na mengi ni ya bara. Pale Dunn's River karibu na Ocho Rios unapanda maporomoko yenyewe kwa miguu, kama mita 180, mmeshikana mikono mnyororo mzima maji yanawapiga kifuani, baridi tamu. Mto Martha Brae mnakaa wawili wawili kwenye chelezo cha mianzi, nahodha anasimama mbele anasukuma kwa upondo, kama wavuvi wetu wa mtumbwi wanavyofanya maji mafupi, bimkubwa alitaka amwonyeshe namna ya kuushika.

Na Falmouth usiku kuna ziwa la pwani linalong'aa. Mnatoka na boti giza likishaingia, kuna vijidudu ndani ya maji vikiguswa vinatoa mwanga wa buluu, unatumbukiza mkono unaona vidole vyako vimechorwa, samaki akikimbia anaacha mstari kama kiberiti kimewashwa chini ya maji. Mnaweza kuruka mkaogelea. Binti yangu alikuwa akitoka majini anaangalia matone yanavyodondoka kwenye nywele zake yakiwaka na kuzimika, hakusema neno mpaka tumefika vila. Chagueni usiku usio na mwezi.

St. Lucia bahari ni nzuri kwa snokeli, Anse Chastanet matumbawe yanaanza hatua chache kutoka mchangani, lakini fukwe ni ndogo na nyingine mchanga ni wa kijivu au mweusi wa volkano, mkitaka ufukwe mrefu wa watoto kukimbia ni Reduit, Rodney Bay. Kinachokupeleka St. Lucia ni milima. Piton mbili zinapanda kutoka baharini moja kwa moja, Gros Piton na Petit Piton, zote zaidi ya mita 700, UNESCO waliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Mume wangu na shemeji yangu walipanda Gros Piton na mwongozaji kutoka kijiji cha Fond Gens Libre, jina lenyewe maana yake bonde la watu huru, waliotoroka utumwa walijificha huko. Kama saa nne kwenda na kurudi na ngazi za mawe nyingi, walirudi miguu inatetemeka. Sisi wengine tulienda njia ya Tet Paul, ni mwendo wa kama dakika 45 tu na Piton zote mbili unaziona zimesimama mbele yako. Baada ya hapo Sulphur Springs, volkano unayoifikia na gari, tope la moto mnajipaka mwili mzima mnangoja likauke afu mnaoga kwenye mto wa maji ya moto. Inanuka mayai viza na nguo ya kuogelea ivae ya rangi nyeusi, ya rangi nyepesi haitatakata tena, lakini bimkubwa alikaa na tope kwenye goti dakika ishirini na usiku ule alilala bila kusugua dawa.

Ngazi, tafadhali

Hili la St. Lucia naliweka peke yake kwa sababu liliniuma. Wakala aliyetukodisha vila aliandika "dakika tano kufika ufukweni" na ni kweli zilikuwa dakika tano, za ngazi. Nilizihesabu, 86, nyingine hazina hata pa kushika. Mama mwenye goti bovu alishuka mara moja siku ya pili, akapanda kwa dakika 25 akipumzika kila kona, na siku zilizobaki alikaa barazani anaangalia Piton na anatuambia nendeni tu mimi niko sawa. Hakuwa sawa. Vila nyingi za pale zimejengwa ubavuni mwa mlima, ndo maana zina ile vyuu ya ajabu, chumba kingine hakina hata ukuta upande wa bahari. Kwa wanandoa wawili wa fungate siwezi kufikiria sehemu nzuri kuliko hiyo duniani. Lakini mkiwa na mzee au mtoto anayejifunza kutembea, muulize mwenye vila kwa maandishi, kuna ngazi ngapi kutoka gari linaposimama mpaka kitandani, na kutoka kitandani mpaka majini, na ombeni video mtu akitembea njia yote.

Jioni na usiku

Kwa kifupi, anayetaka kutoka usiku Jamaika na Barbados zinamtosha, St. Lucia kuna ile sherehe ya mtaani ya Ijumaa kule Gros Islet basi. Bob Marley kazaliwa Nine Mile, mlimani huko St. Ann, na kaburi lake liko pale pale, kutoka Discovery Bay si mbali, mume wangu alifika akavua kofia. Ila mimi nnachokikumbuka zaidi cha usiku ni vyura wa Barbados. Ni wadogo kama ukucha wa kidole gumba, jua likizama wanaanza kupiga mluzi bustani nzima, usiku wa kwanza nilidhani ni mashine ya jirani imeharibika, usiku wa tatu siwezi kulala bila wao. Na asubuhi wanakuja tumbili wa kijani, walitoka Afrika Magharibi enzi za meli za watumwa, embe ukiliacha barazani halipo. Aliyewahi kukaa Diani anajua, fungeni milango.

Msimu na viza

Kimbunga ni kati ya 1 Juni na 30 Novemba, na bei ya vila inashuka sana miezi hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Barbados iko mashariki peke yake na vimbunga vingi vinaipita pembeni, Elsa mwaka 2021 ndo kilikuwa kimbunga kamili cha kwanza kuipiga tangu Janet mwaka 1955. Jamaika ilipigwa vibaya na Melissa tarehe 28 Oktoba 2025, kilitua kusini magharibi kikiwa daraja la 5, Black River na Treasure Beach ziliumia sana. Kwa anayefikiria Jamaika nasema msiikimbie, hawa kina Miss mshahara wao ni wageni, ila ombeni picha na video za mwezi huu, na mhakikishe vila ina jenereta na tangi la maji. Kati ya katikati ya Desemba na Aprili hali ya hewa ni tamu na bei ni kali. Kuanzia Machi hivi mpaka kiangazi mwani wa kahawia unaweza kuletwa na Atlantiki ukajaa fukwe za mashariki na kusini za Barbados na mashariki ya St. Lucia, unanuka ukioza, hiyo ni sababu nyingine ya kukaa magharibi.

Kwa mtu wa Dar au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja, wengi wanapita London ambako kuna ndege za kwenda visiwa vyote vitatu. Ukipita Marekani lazima uwe na viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani, na London nako angalia masharti ya paspoti yako kabla ya kulipa tiketi, kuna mtu wangu wa karibu kapoteza hela hivo.

Basi ukiniuliza mimi. Mna wazee, mna watoto, na kina mama mmechoka na jiko, Jamaika pwani ya kaskazini, vila yenye mpishi na ufukwe wake, mtoke siku mbili au tatu na dereva. Mnapenda kuzurura, mnajiendesha, mnataka bahari tulivu na kula nje, Barbados magharibi, na mpange hela ya kutosha. Mko wawili, au wote mna magoti mazima, St. Lucia upande wa Soufrière, siku nne tano zinatosha afu mhamie kaskazini.

Sisi kura imeshapigwa, sita kwa tatu. Tunarudi Discovery Bay mapumziko ya Machi, vila ile ile, tumeshapiga simu Miss yuko salama na paa limewekwa jipya. Bimkubwa kaagiza mbuzi kutoka Wete, imekuja na mgeni wiki iliyopita, ameifunga kwa kanga na ameshaiweka chini kabisa ya begi.